Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ufukwe wetu: tufungulieni njia ya kasa

Dar es Salaam, Februari 2026

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya ardhi, mikoko na ufukwe wa mtaa wetu,

YAH: NJIA YA MIGUU ILIYOZIBWA, NA KASA WANAOFIA UPANDE WA PILI WA UKUTA

Shikamooni kwa mliotuzidi umri, na salamu kwa wengine wote.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua ya nne. Tatu za mwanzo mnazo: ya kwanza tuliileta kwa mkono Aprili 2024, ya pili Novemba mwaka huohuo, ya tatu Juni 2025. Nakala zetu zote zina muhuri wa kupokelewa. Ule wa barua ya pili umegongwa miguu juu; wakati ule niliona ni haraka ya kazi tu, siku hizi sina hakika. Majibu yote yamekuwa ya mdomo. "Linafanyiwa kazi." "Jalada liko kwa bosi." "Njoo wiki ijayo." Nimekuja wiki ijayo mara nyingi kiasi kwamba dada wa masjala sasa anawaulizia wanafunzi wangu kwa majina.

Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Mtaniwia radhi kwa jambo moja: sitautaja mtaa, wala wilaya, wala ofisi zenu. Si kwamba naogopa. Mayai ya kasa yana wanunuzi, na ukiandika hadharani kwamba kasa anataga hatua mia mbili kutoka mbuyu fulani, umemchorea mwizi ramani. Ninyi mnapajua. Wawili kati yenu mmewahi kuja, mkavua viatu, mkapiga picha.

Kwa wasiopajua, njia tunayoidai ni ya kawaida kabisa. Inaanzia nyuma ya shule ninayofundisha, inapita chini ya mikorosho mitatu, halafu inashuka mikokoni. Kwanza unakutana na mchu, mizizi yake imechomoza topeni kama penseli zilizochongwa. Kisha mkandaa. Kisha mkoko wenyewe, umesimama juu ya miguu yake kama mtu aliyekunja suruali avuke maji. Mwisho kabisa mlilana, halafu mwanga, halafu mchanga. Kwa mwendo wa mtoto wa darasa la tano ni dakika 25. Kwa mvuvi aliyechelewa ngalawa ni 10. Haina bango, haina tiketi, haina kibanda cha mapato. Wanapita wavuvi, wanapita akina mama wanaookota kome maji yakitoka, wanapita vijana wa mazoezi ya Jumapili asubuhi na, tusidanganyane, wanapita wapenzi jioni.

Jiji hili lina sehemu nyingine za kutembea, nazijua na nazipenda. Mwenye nauli anaweza kupanda hadi Pugu na Kazimzumbwi, kwenye msitu wenye komba wa Rondo, mnyama asiyefika hata gramu 100 ambaye dunia nzima anapatikana Tanzania tu. Mwenye nauli zaidi atachukua boti kwenda Mbudya au Bongoyo. Wanafunzi wangu hawana nauli hiyo. Wana miguu, na walikuwa na njia.

Mwaka 2017 mzee mmoja wa ngalawa, ambaye mtaa mzima tunamwita Babu, alinisimamisha mchangani alfajiri akaniuliza kama nimeona trekta. Nikamwambia trekta lifuate nini huku. Akacheka, akanionyesha alama: michirizi miwili sambamba, mipana kuliko mkono wangu, imetoka majini hadi juu kwenye majani na kurudi. Kasa. Alikuwa ametaga usiku ule. Babu aliniambia kasa hulia akitaga kwa sababu anajua hatawaona wanawe. Mimi mwalimu nikamwambia ni tezi zilizo karibu na macho, zinatoa chumvi ya bahari iliyozidi mwilini. Akanitazama kwa huruma. Tangu siku ile kila Jumamosi tulikuwa tunapita na watoto, na kila kiota tulichokiona tulikiandika kwenye daftari la kaunta: tarehe, umbali kutoka maji ya bamvua, nani amekiona kwanza. Mtoto aliyeona kwanza alikuwa na haki ya kukipa jina. Tuna viota vinavyoitwa Simba na vinavyoitwa Yanga, na kimoja kinaitwa Hesabu, kwa sababu aliyekiona alikuwa ametoroka kipindi hicho.

Sasa niseme malalamiko yetu.

1. Njia imezibwa.

Mwaka 2023 ulijengwa ukuta wa tofali kutoka barabara ya vumbi hadi mchangani. Pale njia ilipokuwa inapita pamewekwa geti la bati lenye kufuli. Mlinzi aliyekuwepo alikuwa kijana mstaarabu. Nilimfundisha mwenyewe hesabu za sehemu. Alikuwa akisema, "Shikamoo mwalimu. Samahani, nimeambiwa niulize unaenda kwa nani." Naenda kwa kasa, mwanangu. Hilo halina nafasi kwenye daftari la wageni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na zile zinazoweza kudhuru uhifadhi wa mazingira. Tulipima kwa futikamba ya fundi, mwenyekiti wa mtaa akishika upande mmoja na mimi mwingine. Kutoka alama ya maji ya bamvua hadi pembe ya ukuta ni mita 23. Vipimo vimo kwenye barua ya kwanza. Kama tumekosea, njooni na futikamba yenu, tutashika tena upande mmoja.

Kuzunguka kunawezekana, maji yakiwa yametoka, kwa kupita kwenye tope lenye makombe ya chaza yanayokata kama wembe. Mama mmoja wa kome alichanwa kisigino, akakaa nyumbani wiki tatu bila kipato. Watoto wa miaka 11 siwezi kuwapitisha huko, na hakuna mzazi atakayenikubalia.

2. Taa.

Hapa naomba mvumilie, kwa sababu hili nililiona kwa macho na bado linaniamsha usiku.

Kasa hutaga mayai mia na kidogo kwa mkupuo, akayafukia, akaenda zake. Baada ya takriban miezi miwili watoto wanatoka mchangani, mara nyingi usiku. Hawana mama wa kuwaonyesha njia. Wanafuata upande wenye mwanga ulio chini, ambao kwa mamilioni ya miaka umekuwa bahari, inayorudisha mwanga wa mwezi na nyota. Wakikuta mwanga mkali zaidi nyuma yao, wanageuka.

Juu ya ukuta ule kuna taa kubwa nne, nyeupe, zimeelekezwa ufukweni, zinawaka hadi asubuhi.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai mwaka jana mlinzi alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Alinifungulia geti, na naandika hili kwa ruhusa yake. Kibarua kile ameshakiacha. Tulikuta mchanga umejaa vialama vidogo kama vya uma, mamia, na vyote vimeelekea ukutani. Chini ya ukuta kuna mfereji wa maji ya mvua. Nilishuka na tochi mdomoni na ndoo ya kudekia. Niliokota 61. Waliokuwa hai walikuwa 19. Wengine sisimizi walikuwa wameshaanza machoni. Mtoto wa kasa akiwa hai unamhisi kwenye kiganja, anapiga makasia hata hewani, hachoki, anaogelea mkononi mwako. Wale 19 tuliwapeleka majini jua likichomoza, wakati ambao kila ndege wa pwani anatafuta kifungua kinywa.

Mmoja wa hao waliosalimika, kama ni jike na kama atafika, atarudi pwani hiihii kutaga, na itamchukua miaka 20 au 30, pengine zaidi. Wanafunzi wangu watakuwa na watoto wa umri wao wa leo.

Dawa yake haihitaji kamati. Taa zigeuzwe zitazame chini, zifunikwe upande wa bahari, badala ya balbu nyeupe ziwekwe za rangi ya chungwa au nyekundu ambayo haimsumbui kasa sana, na zisizo za lazima zizimwe. Fundi umeme wa mtaani anaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

3. Wezi wamepata uwanja.

Hili ndilo tumeshindwa kuwaelewesha kwa barua tatu, nami najilaumu, pengine niliandika kwa lugha ya shule. Mnatuona kama watu wanaodai matembezi, na kasa mnawaona kama jambo lingine, la wataalamu. Ni jambo moja. Mlinzi wa viota alikuwa njia. Mwizi wa mayai hafukui mahali ambapo wavuvi wanapita saa kumi usiku, akina mama saa kumi na mbili asubuhi, na Jumamosi watoto 31 wanaopiga kelele. Kuanzia 2017 hadi ukuta ulipojengwa, viota vilivyofukuliwa navihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Msimu uliopita peke yake mkono mmoja haukutosha, na hivyo ni vile tulivyoweza kuviona kwa kuchungulia kutoka upande wa pili wa mlango wa maji.

Pamoja nao wamekuja wa mchanga. Tipa zinaingia usiku. Asubuhi ufukwe una mashimo ya kumzamisha ng'ombe. Wazee wa Kunduchi watawasimulia jinsi bahari ilivyokula pwani yao. Sisi tunampakulia bahari sahani sisi wenyewe.

4. Kifusi mikokoni.

Nyuma ya ukuta mikoko inajazwa kifusi cha ujenzi. Mnajua kwamba mikoko yote ya nchi hii ni ya hifadhi na haikatwi wala kufukiwa kienyeji. Sina la kuongeza hapo.

5. Hakuna mwenyewe.

Tulipoenda kwa wa uvuvi, kwa sababu kasa analindwa na kanuni za uvuvi, tuliambiwa ukuta si samaki. Wa misitu walisema mikoko ni yao, mchanga si wao. Wa ardhi walisema mipaka ni yao, taa si zao. Wa mazingira walituelekeza kwa wa ardhi. Kasa mmoja, kwa usiku mmoja, anavuka mipaka ya ofisi nne bila kujua, na kote huko hakuna anayemwandikia risiti. Sisi tumezivuka kwa bodaboda, na nauli tulichanga.

Waheshimiwa, nayajua majibu yanayokuja, maana nimeyasikia koridoni. Naomba niyatangulie.

Mtasema mwenye kiwanja ana hati. Anayo, na hatujaipinga. Hati ni ya ardhi yake. Haifuti mita 60 za sheria, na haimpi njia ambayo babu zetu waliipita kabla hati hazijachapwa. Wala si mtu mbaya. Anaajiri vijana wetu na ananunua samaki wetu bila kubishana bei. Nina hakika akiitwa na ofisi yenye kauli atafungua geti. Hajaitwa.

Mtasema hakuna bajeti. Kufungua kufuli hakuhitaji bajeti.

Mtasema wavuvi haohao ndio waliokula kasa. Ni kweli, na siwezi kuandika barua ya haki nikaficha nusu. Mtaani kwetu nyama ya kasa ililiwa, na mafuta yake yakapakwa watoto wenye kifua. Tuliacha polepole, na Pemba ikatufunga midomo kabisa: Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa, na wengine kwa makumi wakalazwa. Nyama yake huweza kuwa na sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Siku habari ile ilipofika, Babu alisimama mnadani akasema mbele ya wote kwamba alikwishaila mara ngapi hakumbuki, na kwamba aliye hai kwa bahati asiwafundishe wajukuu bahati. Mtu kama huyo leo anaulizwa getini anaenda kwa nani.

Na yupo msomi kati yenu, namheshimu, aliyeniambia kasa hayumo tena hatarini. Anachokisema kina msingi. Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtoa kasa wa kijani kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, kwa hesabu ya dunia nzima. Ila asome na sababu zake: idadi imepanda kwa kuwa sehemu nyingi watu walilinda fukwe za kutagia kwa miongo mingi, wakazuia biashara ya mayai na nyama, wakabadili nyavu. Mgonjwa amepata nafuu kwa dawa, sasa tunapendekeza kumwaga dawa. Na tena hesabu ya dunia si hesabu ya ufukwe wetu, ambako daftari langu linazidi kuwa jeupe. Na ng'amba, ndugu yake mwenye gamba la kutengenezea vitana, ambaye naye hutaga pwani za nchi hii, bado yuko kwenye kundi la hatari kubwa kabisa.

Mwisho mtasema wananchi wasubiri, jambo ni la kitaalamu. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Haikusema kila mtaalamu. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 za kumjibu anayeomba taarifa. Barua yetu ya tatu iliomba nakala ya kibali cha ukuta. Hesabuni tangu Juni.

Tunachoomba ni hiki. Geti lifunguliwe alfajiri hadi magharibi, kila siku, na kwa wavuvi saa zao zinavyodai. Upana wa mita mbili unatutosha. Ndani ya mwezi huu taa nne zigeuzwe, kwa sababu masika yanakuja na kwenye daftari letu miezi hiyo ndiyo yenye alama nyingi. Atumwe mpima ardhi wa serikali, aje mchana, wakazi wakiwepo, na vipimo vyake vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Tipa zisimamishwe, namba zake tunazo na tutazitoa kwa atakayetuandikia kwamba amezipokea. Halafu, na hili ndilo kubwa, kati ya ofisi zenu nne mkae mchague mtu mmoja mwenye jina na simu inayopokelewa, ambaye kasa akifa mfereji­ni tutajua tunampigia nani.

Hatuombi tangazo la hifadhi, hatuombi bango la chuma lenye nembo, na kwa kweli hatutaki njia hii igeuzwe kivutio chenye kiingilio. Akina mama wa kome hawana kiingilio.

Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitakuwa getini na watoto 31, daftari la kaunta, na ileile ndoo ya kudekia. Wazazi wameshasaini fomu. Hatutapiga kelele na hatutaruka ukuta. Babu atakuja na kiti chake, maana magoti yamemchosha. Mmoja wenu aje na ufunguo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la tano,
kwa niaba ya wakazi waliosaini majina yao kwenye nakala iliyoko masjala